Ushuru wa maegesho Iringa mjini: gari lililomfukuza mteja wangu nililipaki mimi mwenyewe

#1 Mwenye Duka Miyomboni (mleta uzi)

Kamwene wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatagombezwa na mtu.

Nina duka la pembejeo hapa Iringa mjini, mitaa ya Miyomboni. Mbegu, mbolea, dawa, pampu za kupulizia na vikorokoro vyake. Wateja wangu wakubwa si wale wa Gangilonga wanaotafuta kichupa cha dawa ya maua. Ni wakulima: nyanya za Ilula, mpunga wa Pawaga, mahindi ya Isimani, na wenzetu wa Kilolo. Hao hawaji na mkoba wa begani. Wanakuja na pikapu au Canter, wanataka gari likae mlangoni, mifuko ipandishwe, waondoke kabla jua halijawa kali.

Wiki mbili zilizopita nimesimama mlangoni, naona pikapu ya bluu inapanda taratibu. Namjua mwenyewe, mzee wa Ilula, tumefanya biashara miaka mingi. Akapunguza mwendo, akanipungia mkono, akatazama kulia na kushoto. Hapakuwa na pa kuchomeka hata baiskeli. Akazunguka. Akaja tena, hakuna. Mara ya tatu hakusimama kabisa, alinionyesha kwa kidole tu kwamba anashuka. Baada ya saa nzima simu ikaita: "Mwanangu usinichukie, nimechukulia huku huku Ipogolo, dereva alikuwa ananisumbua." Mifuko 20 ya mbolea ya DAP na mbegu zake, zote zikawa zimeshuka kilima.

Nikafura. Nikaanza ile sala yetu ya kila siku: mji mfinyu, barabara za enzi za Mjerumani, wakubwa hawana mipango, bajaji zimejaa, machinga wamejaa. Kijana wangu wa dukani akanisikiliza mpaka mwisho, akamaliza kufunga kamba kwenye mzigo, ndipo akauliza kwa adabu zake zote: "Bosi, hiyo Noah hapo mbele si ya kwetu?"

Wakuu, ilikuwa ya kwetu. Huwa naipaki pale saa 1:30 asubuhi, kabla mtu hajafika, na naiondoa nikifunga duka. Siku sita za wiki. Nafasi nzuri kuliko zote mbele ya duka langu nimempa mteja asiyenunua kitu, na mteja huyo ni mimi.

Kesho yake nikachukua daftari la mikopo, nikaligeuza nyuma, nikaandika namba za magari yote ya kipande chetu. Nafasi ni 14. Mchana nikarudi kuangalia, jioni nikarudi tena. Tisa hayakusogea kutwa nzima. Na yote tisa nayafahamu, kwa mfano la jirani wa dawa za binadamu, mawili ya ofisi ya ghorofani, la mwenye hadwea, la fundi simu ambalo hata betri limekufa tangu Pasaka, na hilo langu. Nafasi zilizobaki 5 ndizo zilizogombewa na mji mzima.

Ndiyo maana nasema jambo litakaloniletea matusi: mimi mfanyabiashara naunga mkono ushuru wa maegesho. Ila si huu tuliouzoea kuufikiria, wa kujaza kapu. Naunga mkono ushuru wa saa, unaopanda pale penye msongamano na kushuka pasipo na watu, na lengo lake liwe moja tu: kila mtaa ubaki na nafasi moja au mbili wazi muda wote. Ikipatikana pesa ni sawa, lakini pesa isiwe ndiyo kazi yake.

Karibuni, hoja ijibiwe kwa hoja.

#2 Mzee wa Tozo

Hoja ikijibiwa unasema matusi. Haya.

Mkuu, tuna tozo ya hiki na ushuru wa kile, leseni, zimamoto, taka, na bado wewe mfanyabiashara unaomba uongezewe mwingine? Umetumwa? Barabara tumejenga kwa kodi zetu, mafuta tunakatwa, halafu kusimama tu nilipie. Kusimama!

#3 Bajaji ya Kihesa

Naweka kambi hapa na mua wangu.

Ila nikiri, saa nne asubuhi pale karibu na Soko Kuu ukitaka kushusha mama mwenye tenga la mboga unashushia katikati ya barabara, nyuma wanapiga honi kama harusi. Sisi tunatukanwa tunaziba njia. Tutashushia wapi? Pembeni kote kumepakiwa, na wengi wenye hizo gari wako ndani ofisini wanakunywa chai.

#4 Sokomatola

Salamu kutoka Mbeya, kwenye baridi halisi.

Mleta uzi una bahati, tatizo lako ni gari 9. Njoo Kabwe na Mwanjelwa uone. Huku kinachotuua ni maroli yanayoshusha mzigo mchana kweupe, na watu kupaki kando ya TANZAM yenyewe, barabara ya kwenda Zambia. Ile si barabara ya jiji, ni barabara kuu, iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na hifadhi yake si mahali pa kupaki. Kwa hiyo ukisema jiji lianze kutoza pale utakuwa unahalalisha kisichotakiwa kuwepo. Barabara za ndani ndiyo sawa, kuanzia Lupa Way kwenda mitaa ya Uhindini.

Swali langu: ukitoza, si watahamia mtaa wa pili yake usiotozwa?

#5 Mwenye Duka Miyomboni

Mzee wa Tozo, sijatumwa. Ningekuwa nimetumwa ningekuwa napaki bure.

Suala la "kusimama tu nilipie" nimelitafakari sana, maana hata mimi nilikuwa nalisema. Angalia hivi. Nafasi moja mbele ya duka ni kama meza ya mama ntilie. Mtu anakuja saa 2 asubuhi anaagiza chai moja, anakaa mpaka saa 11 jioni. Ni saa 9 hizo. Wateja wa kwangu wanakaa wastani wa dakika 45, kuchagua, kulipa, kupakia. Saa 9 zina dakika 540. Gawanya mwenyewe: meza hiyo ingehudumia watu 12, imehudumia mmoja, na aliyeikalia ni mpishi.

Na si jambo jipya hili, wala si la wazungu wa leo. Mita ya kwanza ya maegesho duniani iliwekwa Oklahoma City, Marekani, tarehe 16 Julai 1935. Senti 5 kwa saa. Aliyeipigania ni mhariri wa gazeti aitwaye Carl Magee, na kilichomsukuma ni kilekile cha kwenye daftari langu: wafanyakazi wa mjini walikuwa wanawahi asubuhi, wanajaza mitaa, mteja akija hana pa kusimama, maduka yanakosa mauzo. Utamu uko hapa: mita zilianza upande mmoja tu wa mtaa. Wenye maduka wa upande wa pili walipoona wenzao wanapata wateja, wakaomba na wao wawekewe. Wafanyabiashara waliomba kutozwa! Na wao sijui walitumwa na nani.

Bajaji ya Kihesa, hoja yako ya kushushia nairudia baadaye, ni nzito kuliko unavyofikiri.

Sokomatola, kuhamia mtaa wa pili ndicho ninachokitaka. Mimi ninayekaa kutwa nihamie huko. Miguu ninayo. Anayekuja kununua mfuko wa kilo 50 hawezi kuubeba toka Uwanja wa Samora, lakini mimi ninayekuja na kopo la chakula na funguo za duka naweza kutembea dakika chache. Tatizo ni pale mtaa wa pili ukiwa ni wa makazi, wenye nyumba wakakosa pa kuingilia. Hapo nao watajwe kwenye mpango tangu mwanzo, si baada ya kelele.

#6 Dada wa Vitenge

Mimi nipo hapa hapa Iringa mjini, biashara ya vitenge na mashuka. Mwenzangu umeongea la mbolea, sawa, mteja wako lazima aje na gari. Wateja wangu wengi wanakuja kwa miguu na bajaji. Lakini wale wachache wa gari ndio wanaonunua za sherehe, vitenge 40 kwa mpigo.

Hofu yangu siyo bei. Ni yule kijana wa mashine ya ushuru. Mteja amesimama dakika tatu kuulizia rangi, akirudi anakuta karatasi kwenye waipa. Hatamlaumu kijana, atalilaumu duka langu. "Kwa yule dada nilikula faini." Harudi.

#7 Mzee wa Tozo

Dada umenena. Na kuna lingine. Nilikwenda kulipia gari deni la maegesho, mji fulani, siutaji. Naambiwa nadaiwa siku 11. Natazama tarehe, siku hizo gari ilikuwa gereji imewekwa juu ya mawe, haina injini! Namuonyesha risiti ya fundi, ananiambia mfumo haudanganyi. Mwaka 2021 TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, walipoleta huu mtindo wa kielektroniki, wa kupiga picha namba ya gari na deni kuingia lenyewe, tuliambiwa utaondoa usumbufu wa risiti za mkononi. Zile risiti walau ulikuwa unaiona sura ya anayekudai.

Nimelipa, maana nilikuwa na safari. Ila sijasamehe.

#8 Niliwahi Kushika Mashine

Wakuu mnatusema sana. Nilifanya hiyo kazi mwaka mmoja na nusu, mji mmoja wa nyanda hizi za juu, kwa wakala, si mwajiriwa wa serikali. Nieleze inavyokuwa kwa ndani ili mjue pa kulaumu.

Unapewa mashine na mtaa. Unapewa na lengo la siku. Usipolifikisha unaulizwa, ukikosa mara kadhaa unaambiwa kesho usije. Sasa wewe mwenye lengo la siku utafanya nini ukiona gari imesimama na dereva yuko nje anaulizia rangi ya kitenge? Unapiga picha. Kila picha ni gari moja, haijalishi imekaa dakika tatu au saa sita. Kwa kijana mwenye lengo, gari inayokuja na kuondoka ni riziki, gari inayolala pale kutwa ni mzigo, kwa sababu ile ya kutwa ina bei yake ya siku na ukishaiandika umeshaiandika.

Gari ya mzee iliyokuwa gereji, naweza kukuambia ilivyotokea, na siyo uchawi. Mvua. Mvua ya Februari ikianza kushuka unajibanza kwenye baraza, kioo cha mashine kimelowa, vidole vimekufa ganzi, namba ya gari inaanza na T, tarakimu tatu, herufi tatu. Unaandika D badala ya B. Mwenye B yuko Makambako hana habari, deni linakua. Mashine haina njia ya kukuambia hiyo ni Noah na unachokitazama ni Vitz. Mimi nilikosea nadhani mara nyingi, na hakuna hata moja iliyorudi kwangu kusahihishwa.

Kwa hiyo mleta uzi, ukitaka mtindo wako ufanye kazi, kitu cha kwanza ondoa lengo la siku. Mlipe kijana mshahara. Cha pili mpime kwa nafasi zilizo wazi, siyo kwa hela.

#9 Mwenye Duka Miyomboni

Aliyeshika mashine, Mungu akubariki. Sikuwa najua hilo la lengo, na limenifungua macho kwenye kitu nilichokuwa nakihisi bila kukipata: ushuru wenye bei ya siku nzima unawapendelea walewale wanaosababisha msongamano.

Tufanye hesabu ya mfano tu, msije mkasema nimetangaza bei. Tuseme saa moja ni shilingi 300, na ukilipia siku nzima ni shilingi 1,000. Mzee wa Ilula akija saa moja analipa 300. Mimi na Noah yangu saa 9 nalipa 1,000, yaani kama 111 kwa saa. Aliyekuja kuleta pesa mjini analipa karibu mara tatu ya aliyekuja kuziba njia. Nani atahama hapo? Mimi sihami. Elfu moja nitaiweka kwenye gharama za duka, na nitaendelea kulalamika kwamba mji hauna maegesho, na sasa nitakuwa na risiti ya kuthibitisha uchungu wangu.

Nairobi wenzetu wanatoza katikati ya mji kwa siku, bei moja, ukae dakika 20 ukae kutwa. Ukishalipa unaona ujinga kuondoka. Tusiige hilo.

Ninachopendekeza ni hiki. Mitaa ya katikati kabisa, yaani kuzunguka Soko Kuu, Uhuru na Miyomboni, pasiwe na bei ya siku. Dakika 20 za mwanzo bure, hapo Dada wa Vitenge anapona. Saa ya kwanza bei ya chini, ya pili juu kidogo, ya tatu juu zaidi. Ukisogea pembeni, bei ya siku iwepo na iwe rahisi, kwa ajili yetu wenye maduka na watu wa maofisini. Jumapili na usiku sioni sababu ya kutoza chochote, mitaa iko wazi, unaweza kuanika mahindi.

Na kabla ya nafasi za kulipia kuchorwa, zichorwe za kushushia. Bajaji ya Kihesa, hapa ndipo pako. Kila kona ya soko kipande cha kushusha abiria na mzigo mwepesi, hakuna kupaki hata kwa pesa. Maroli yashushe kabla ya saa 3 asubuhi. Nafasi ya mlemavu iwe karibu na mlango, isiwe nyuma ya jalala kama nilivyoona mahali fulani.

#10 Sokomatola

Vizuri kwenye karatasi. Sasa bei gani? Nani anapanga 300 au 500? Mkikosea bei mwaka wa kwanza mtasubiri nini kuirekebisha? Maana huku kwetu kitu kikishaandikwa kimeandikwa.

#11 Mwenye Duka Miyomboni

Hili ndilo swali lenyewe, nimelisubiri tangu juzi.

Bei sahihi haijulikani na mtu yeyote akiwa mezani. Inajulikana mtaani. Ukiona mtaa umejaa saa 4 asubuhi, bei ni ndogo. Ukiona mtaa una nafasi saba tupu na wenye maduka wanapiga miayo, bei ni kubwa. Basi. Huhitaji profesa.

San Francisco walilifanya hivyo kuanzia 2011, kwa vifaa vya gharama, lakini kanuni yao mtoto wa darasa la saba anaielewa. Walipima kila kipande cha mtaa kimejaa kiasi gani. Kikijaa zaidi ya asilimia 80, bei ya saa inapanda senti 25. Kikiwa kati ya 60 na 80, inabaki ilivyo. Kikishuka chini ya 60, inapungua senti 25, na kikiwa kitupu chini ya 30 inapungua senti 50. Wanarudia kupima, wanarekebisha tena. Wengi walidhani ni njama ya kupandisha tu. Katika majaribio yale bei ya wastani kwenye mita ilishuka, kutoka dola 2.69 kwa saa hadi 2.58. Ilipanda penye vurugu na kushuka palipokuwa patupu. Na muda wa kuzunguka kutafuta nafasi ukapungua kwa asilimia 43. Mzee wangu wa Ilula alizunguka mara tatu na mafuta ya kununua, kwa hiyo hiyo asilimia mimi naielewa kwa tumbo.

Sasa kwetu kikwazo ni sheria, na ni hapa wengi hawapaangalii. Halmashauri haiwezi kuamka asubuhi ikabadilisha ushuru. Ushuru wa halmashauri unakaa kwenye sheria ndogo. Rasimu inatangazwa wananchi watoe maoni, inapita baraza la madiwani, inakwenda juu mpaka kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, ikikubaliwa inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Njia hiyo ni ndefu, na ni haki iwe ndefu, maana inamlinda Mzee wa Tozo. Lakini ukiandika ndani yake "shilingi 300 kwa saa" umeshajifunga. Mtaa ukijaa, 300. Ukikauka, 300. Kurekebisha lazima uanze mzunguko upya.

Dawa yake ni kuandika sheria ndogo yenye kiwango cha chini na kiwango cha juu, na kanuni ya kupanda na kushuka ndani ya viwango hivyo. San Francisco nao ndivyo walivyofanya: waliruhusiwa kati ya senti 25 na dola 6, wakachezea humo humo. Sisi tuandike kwa mfano kutoka 0 hadi 600, marekebisho mara mbili kwa mwaka, hatua isizidi shilingi 100, matokeo ya kuhesabu yabandikwe ofisi ya kata kabla ya kubadilisha. Na iandikwe wazi kwamba mtaa ukiwa mtupu bei LAZIMA ishuke. Siyo "inaweza". Lazima. Bila neno hilo itakuwa ngazi ya kupanda tu.

Kuhesabu hakuhitaji mitambo. Nilihesabu kwa daftari la mikopo.

Na jirani zangu, muda wa maoni ndio wa kusema. Tumezoea tangazo likibandikwa tunapita tunatazama kama ni la msiba tu. Halafu sheria ikianza kazi ndipo tunafunga maduka kuandamana.

#12 Dada wa Vitenge

Dakika 20 za bure nimezipenda. Ila pesa itakwenda wapi? Nikiona mtaro mbele ya duka langu umezibuliwa, nitakuwa wa kwanza kumwambia mteja alipe. Nikiona unatapika uleule, nitakuwa wa kwanza kumwonyesha kijia cha kukwepa.

#13 Mwenye Duka Miyomboni

Dada, umegusa penyewe. Kuna mji mwingine Marekani, Pasadena, mtaa wake wa zamani ulikuwa umechoka. Wenye maduka walipinga mita kwa nguvu zote. Wakakubali mwaka 1993 baada ya kuahidiwa kwamba pesa ya mtaa ule inarudi mtaa ule ule: njia za miguu, taa, miti, usafi. Walitoza dola moja kwa saa, na wao wenyewe wakaanza kuisimamia isivuje, kwa sababu walikuwa wanaikanyaga kila asubuhi.

Nisikudanganye kwamba yote yarudi, mishahara ya vijana wa mashine lazima itoke humo. Lakini sehemu yake ijulikane, na kazi yake ionekane. Nianzie na mtaro wako. Kwangu ni taa moja ya barabarani.

Na la Mzee wa Tozo na gari lake la gereji, sina jibu zuri zaidi ya hili: kila deni liwe na picha ya gari zima, siyo herufi tu zilizoandikwa na kijana aliyelowa. Ukipinga, wafungue picha mbele yako. Kama haipo, deni limekufa. Asiye na simu janja naye aonyeshwe pale pale dirishani.

#14 Bajaji ya Kihesa

Mleta uzi umeongea kama diwani, lakini hujatuambia. Noah iko wapi?

#15 Mwenye Duka Miyomboni

Nilijua mtaniuliza.

Noah tangu wiki iliyopita naipaki juu huku upande wa Samora, natembea. Siku ya kwanza viatu vilinionea, nikafika dukani natoka jasho kama nimetoka kulima, na kijana wangu akanitazama bila kusema neno, mdomo ameuuma. Siku ya pili nikabeba mwamvuli na mvua haikunyesha. Sasa nimezoea.

Kilichonishinda ni hiki. Siku ileile ya kwanza, nafasi yangu ilikaa wazi nusu saa. Nikafurahi, nikampigia mzee wa Ilula nikamwambia njoo mzee wangu, mlango uko wazi. Nikaingia ndani kupima mbegu. Natoka, kuna gari limelala pale, tena limefunikwa na turubai, turubai kabisa! Mwenyewe ni mtu wa mtaani kwetu, anasema alikuwa analivizia hilo eneo tangu mwaka jana. Limelala mpaka jioni. Na kesho yake. Na leo ninavyoandika.

Mmoja akihama kwa hiari anampisha mwenzake tu. Ndiyo maana nimesema bei.

#16 Hadwea Kona

Ni mimi mwenye turubai. Nimesoma uzi wote tangu jana usiku, mke wangu ndiye aliyenitumia.

Turubai ni kwa sababu ya kunguru, wala sina ubaya na mtu. Jumatatu nitapaki juu na wewe, tutatembea wote. Lakini na wewe mwambie kijana wako aondoe lile toroli la mbolea mbele ya kwangu, limekaa nafasi ya gari zima na halina hata namba ya kupiga picha.